Pale Ambapo Hatufanyi Chochote

Tarehe 3 Februari

…basi, kama nilivyokuwa nakuambia kabla simu haijakata roho, yule mgeni akashuka kwenye gari kavaa viatu vyeupe. Vyeupe, Fundi! Bondeni kwetu, kwenye tope la chemchemi! Nikajisemea, huyu ama hajui anakokwenda, ama ana mtu wa kumfulia.

Eh, na salamu sijatoa. Hamjambo huko mjini? Wifi yangu je, kile kikohozi kimemwacha? Sisi wazima. Mama anakula, analala, ananung'unika, maana yake hajambo. Shemeji yako ni yule yule, maneno yake ya wiki nzima yanaenea kwenye kijiko. Ng'ombe kazaa, kazaa dume, tumenuna wote mpaka ng'ombe mwenyewe.

Nakuandikia kwa sababu simu ya huku unaijua. Mtandao unashika juu ya kichuguu cha kwa Mwenyekiti tu, na ukipanda pale utashangaa watu wanavyokuja kuota jua chini ya miguu yako. Umbea wa kupigiwa kelele si umbea, ni tangazo. Kwa hiyo barua nampa dereva wa gari la maziwa. Yeye ataifungua, najua, lakini mwandiko wangu hataweza kuusoma. Mimi mwenyewe siku nyingine unanishinda.

Basi yule mgeni tumeshampa jina, Bwana Hewa. Anasema kampuni yao inanunua hewa. Nikamwambia mbona unayo bure puani? Akacheka, mtu mzuri, kusema kweli. Akanieleza kwamba huko mbali kuna viwanda vinatoa moshi, sasa wenye viwanda wanalipa watu wa kwingine wapande miti, miti inameza ule moshi. Nikamwambia, yaani wao wavute sigara, sisi tukohoe kwa niaba yao? Akacheka tena, akanyoosha simu yake kunielekea. Nikajua ananipiga picha, nikatengeneza kilemba.

Nikamtembeza bondeni. Nikamwonyesha matete, nyasi, jicho la chemchemi lenyewe linavyobubujika. Nikamsimulia zile enzi tulikuwa tunalima mboga mpaka kwenye mdomo wa chemchemi, na nyinyi huko mjini mkifungua bomba mnapata chai ya maziwa. Mpaka shirika lenu la maji likaja kutubembeleza tulipumzishe bonde, tukatoka, kila mlango ukapewa bomba na ng'ombe. Langu si uliliweka wewe kwa mikono yako, Mama akakubariki mpaka ukaona haya? Tukaongea mawili matatu, si unanijua. Akashukuru, akaenda.

Sasa kinachoniwasha ni hiki. Jana Seremala wa kilimani kapita akitangaza kwamba miti inakuja, mvua ikishika tu inapandwa, na watakaolipwa kuipanda ni wao wa kilimani. Nikamuuliza kilimani? Akasema, "Kilimani kuna mawe, Redio. Inapandwa bondeni." Redio ndiyo mimi, bado wananiita hivyo. Na kaitaja ni miti gani. Ni ile mirefu ya haraka, Fundi, ile inayokunywa maji kama mlevi aliyelipiwa. Wakiipanda pale, chemchemi itabaki hadithi.

Wewe uko ndani ya shirika la maji. Hawa wa hewa mnawajua? Niambie upesi.

Dada yako

---

Tarehe 21 Februari

Dada,

Salamu nyingi. Shikamoo nyingi kwa Mama. Wifi yako kikohozi kimepungua, anasema dume pia ni mtoto, msinune. Mwanangu anamuuliza shangazi yake lini atakuja kumsimulia, nimemwambia shangazi akija jirani zetu hawatalala.

Kazini shwari.

Hao wa hewa nawaona. Wamepanga ghorofa ya juu ya jengo letu. Wanapanda ngazi na wakubwa wetu, wanashuka na wakubwa wetu. Mimi ni fundi bomba, sikai kwenye vikao. Nilimuuliza msimamizi wangu kama ule mkataba wa bonde bado upo. Akasema mambo hayo yanaamuliwa juu. Nikauliza juu wapi, ghorofa ya juu? Akasema juu ya hiyo juu.

Sina zaidi, ila swali moja. Umesema mliongea mawili matatu. Ni yapi?

Mdogo wako

---

Tarehe 5 Machi

Fundi wangu,

Hamjambo? Sisi hatujambo, ila Mama miguu imevimba tena, siku hizi hatoki zaidi ya pale bombani mlangoni. Anakaa kwenye kiti chake, ananawa, anajimwagia kidogo miguuni, anarudi kukaa. Anasema lile bomba ndilo mtoto wake anayemsikiliza. Nimekasirika lakini nimecheka.

Umeniuliza nilimwambia nini mgeni. Nilimwambia karibu.

Sasa sikia mambo. Miche imekuja! Lori zima, wameipanga kwenye kivuli nyuma ya shule, vifuko vyeusi vimejipanga kama askari. Na Bwana Hewa karudi, safari hii na viatu vya mpira, amejifunza. Wakaitisha watu. Seremala kakaa mbele kama bwana harusi.

Mwenyekiti wetu akasimama akasema, kwa upole wake ule wa mtu anayeogopa kura, kwamba bonde lile tuna maelewano na shirika la maji. Bwana Hewa akasema anajua, lakini shirika ni la mji mmoja tu. Mtu wa wilaya aliyekuja naye akasema, hata hivyo bonde kisheria ni la wilaya. Bwana Hewa akasema, lakini kwa faida yake ni la dunia nzima.

Basi mdomo wangu ukanitoka. Nikasema, "Samahani baba, huyo Dunia anakaa wapi, tumpelekee malalamiko?"

Watu walivyocheka! Bwana Hewa naye alicheka, ila akanitazama sana, akasema, "Mama, wewe si ndiye ulinitembeza?" Nikajifanya kikohozi.

Fundi, mimi sijasoma, lakini naona hivi. Maji yanashuka, yanakuja kwenu. Hewa inapanda, inakwenda kwao. Na sisi tuko hapa katikati, kila mtu anatushukuru akiwa amegeuza uso upande wake.

Tulipotoka nikamvaa Seremala. Nikamwambia, "Wewe baba, unajua miti ile itakausha maji!"

Akasema, "Maji gani? Mimi kwangu yapo maji?"

"Si unachota pale mtoni?"

"Nachota! Mke wangu anapanda kilima na ndoo kichwani tangu aolewe. Nyinyi wa bondeni mkapewa mabomba mlangoni na ng'ombe juu yake, kwa kuwa mlikuwa mnaharibu. Mlilima pasipolimwa, mkalipwa muache! Sisi hatukuharibu, hatukupewa hata mfereji. Sasa na sisi tumepata wetu, hewa, unatuonea gere?"

Wee! Nikatengeneza kilemba ambacho hakikuharibika, nikaenda zangu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, walisema wazee, ila hawakusema mwenye shibe ni Redio.

Jibu basi. Na ni kweli wakubwa wenu wanapanda ngazi nao? Kwani shirika limetutupa?

Dada yako

---

Tarehe 24 Machi

Fundi,

Hamjambo, hatujambo, Mama anakusalimu, haya tumemaliza salamu.

Mbona hujibu? Dereva anaapa barua kakupa mkononi. Kimya kingi kina mshindo, na mimi mshindo nimeshaanza kuusikia, nataka tu kujua unatoka wapi.

Huku hakukaliki. Wamekuja watu wa kupima, wamepigilia vigingi bonde zima, vyekundu kichwani, mpaka kando ya jicho la chemchemi. Wanasema mvua ya kwanza ya Aprili, mashimo yanachimbwa. Mimi nikiamka naviona vile vigingi kutoka bombani kwetu, kama mtu kamwaga njiti za kiberiti.

Halafu juzi tukaamka vigingi vyote vimeng'olewa. Vyote! Vimelazwa vizuri, vimepangwa kama kuni. Seremala kapita nyumba kwa nyumba na watu wake, kasema akimpata mwenye mkono huo atauvunja. Kafika hapa, kanikazia macho mimi. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa sijui kitu, na hakuna aliyeniamini.

Kisha akamgeukia shemeji yako. "Na wewe bwana, unasemaje?"

Shemeji yako akasema, "Ng'ombe anangoja." Akachukua ndoo, akaenda kukamua.

Fundi, ana malengelenge kwenye viganja vyote viwili. Tena mapya. Mimi sijamuuliza, na yeye hajasema. Nampaka mafuta tu, naongea habari za mvua.

Watu wa bondeni hatusalimiani na wa kilimani. Mke wa Seremala, ambaye nilimpokea mtoto wake wa mwisho kwa mikono hii, jana kavuka barabara asipite karibu yangu. Na kuna neno linazunguka, eti kuna mtu wa bondeni mwenyewe ndiye aliyewapa wa hewa bonde. Wanatafutana.

Andika, tafadhali. Hata tusi, mradi mwandiko wako.

Dada yako

---

Tarehe 2 Aprili

Dada,

Salamu kwa Mama, kwa shemeji, mwambie apake pia majivu ya moto uliopoa, yanakausha. Huku wazima.

Sikujibu kwa sababu nilikuwa sijui niseme vipi. Sasa nasema.

Sinki la ghorofa ya juu lilikuwa linavuja, nikaitwa. Nikaingia chini ya sinki, nikalala chali, spana mkononi. Wakaingia watu kunywa chai, hawakuniona, au waliona miguu tu, na miguu ya fundi haina masikio. Alikuwepo huyo Bwana Hewa wako, wakubwa wetu wawili, na mzungumzaji mwingine ambaye sauti yake ilikuwa inatoka kwenye kompyuta, yuko nchi ya mbali.

Yule wa kwenye kompyuta akauliza, "Mna uhakika bonde halitumiki? Sisi hatununui mahali watu wanapotumia. Tukigundua tunawafukuza watu, biashara imekufa."

Bwana Hewa akasema, "Halitumiki. Nina mwenyeji hapa, sikilizeni." Akawasha simu.

Dada, kicheko chako nakijua hata nikiwa kaburini. Kilianza kicheko, halafu ukasema, kwa furaha kabisa: "Pale? Pale hatufanyi chochote, baba! Tumeliacha tu. Miaka yote hii, hatulimi, hatuchungi, hatukati hata tete. Hatufanyi chochote, muulize yeyote!"

Wakacheka kwenye meza. Yule wa mbali akasema, "Mama mchangamfu. Basi, hapo ni tupu, endeleeni."

Nimelala pale maji yananidondokea usoni. Najua ulikuwa unajisifu. Kwa shirika la maji, kutofanya chochote ndiyo kazi tuliyowapa, na wewe ulikuwa unamwonyesha mgeni kwamba kazi yako unaifanya vizuri. Lakini yeye hakusikia kazi. Alisikia uwanja mtupu.

Nikatoka chini ya sinki. Nikasema, "Samahani wakubwa, yule ni dada yangu." Nikawaeleza. Sitasema yote, nilisema kidogo kuliko ambavyo wewe ungesema, na zaidi ya ambavyo fundi bomba anatakiwa.

Bwana Hewa hakukasirika. Alikunja uso akafikiri. Akasema, "Mimi nilipeleka nilichosikia. Siwezi kupeleka maneno ya fundi aliye mjini. Huyo mama akisimama mbele ya watu wote, wa bondeni na wa kilimani, akasema maana ya maneno yake, na wasimpinge, nitayapeleka hayo." Atakuja kufanya mkutano tarehe 17. Mvua ikimtangulia, watapanda.

Wakubwa wetu waliendelea na chai yao. Dada, lile swali lako la Machi halikuwa la kijinga. Shirika halijawatupa, ila limeona kuna mwingine anataka kulishika bonde kwa gharama yake, likasema acha ashike. Hawajauliza miti gani.

Kazini shwari.

Mdogo wako

---

Tarehe 8 Aprili

Fundi,

Hamjambo. Mama hajambo. Majivu yamesaidia.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, halafu nikaiingiza kwenye moto wa chai. Usiniulize kwa nini.

Nilidhani ananipiga picha! Mtu gani anachukua sauti ya mtu bila kumwambia atengeneze koo? Na wewe, ulijua tangu lini? Lile swali lako la Februari, "ni yapi", ulikuwa unanitega? Sawa. Mdomo huponza kichwa, nilikuwa nayaimba hayo kwa watoto wa watu, nikidhani kichwa kinachosemwa ni cha mwingine.

Sikiliza shida yangu. Nikisimama nikasema ni mimi, watu wa bondeni watanitafuna, maana ndiye wanayemtafuta. Nikisema bonde lisipandwe, watu wa kilimani watanitema, maana nawanyang'anya riziki mdomoni. Nikinyamaza, chemchemi inakufa, na hakuna atakayejua ni mimi, isipokuwa wewe, na Mungu, na dereva wa maziwa ambaye nina wasiwasi ameanza kuzoea mwandiko wangu.

Nimefikiria kunyamaza. Nakwambia ukweli, nilifikiria siku tatu. Shemeji yako hata aliniuliza kama naumwa. Aliniuliza kwa sentensi nzima!

Nina swali la kifundi, jibu kama fundi si kama ndugu. Bomba letu haliwezi kupanda mpaka kwa akina Seremala? Nauliza tu.

Dada yako

---

Tarehe 12 Aprili

Dada,

Wote salama. Jibu la kifundi.

Kilimani penyewe maji hayafiki, hayana nguvu ya kupanda. Yanaweza kufika njia panda, pale mnapokutana nyote, nusu ya mwendo kwa mke wa Seremala. Lakini mabomba ya milangoni bondeni yanakunywa nguvu yote. Maji yatafika njia panda ikiwa tu mabomba yote ya milangoni yamefungwa na kung'olewa, likabaki moja la watu wote. Lako liko la kwanza kwenye mstari, hilo ndilo linavuta kuliko mengine.

Kung'oa si kazi kubwa. Funga koki kuu kwanza. Shika kwa spana ya mdomo mpana, zungusha kinyume cha saa, taratibu, niliweka uzi mwingi wa kuzuia kuvuja, nikitaka lidumu.

Sikushauri. Mama ana miguu.

Barua zijazo mwambie dereva alete kwenye nyumba ya mitambo nje ya mji, si karakana.

Mdogo wako

---

Tarehe 20 Aprili

Fundi wangu,

Hamjambo huko kwenye nyumba ya mitambo? Usiniandikie tena "kazini shwari". Dereva kaniambia yote. Siku ile ile uliyotoka chini ya sinki ndiyo walikuhamisha, ukalinde pampu peke yako na vyura, na wifi yangu anakuona Jumapili kwa Jumapili. Ungeniambia ningekoma kulalamika. Sasa nimejua kwa nini hukuniambia, ulitaka niamue bila kukuonea huruma. Mjinga wewe. Mungu akutunze.

Sisi wazima. Dume limeanza kula nyasi. Mvua bado, wingu linakuja linatutazama linakwenda.

Mkutano ulikuwa ile tarehe 17, palepale nyuma ya shule, miche imetuzunguka kama wageni waalikwa. Bondeni walikaa kushoto, kilimani kulia, kati yao njia unayoweza kupitisha lori. Mama alisema lazima aje, shemeji yako kambeba na kiti chake mpaka pale, akamweka katikati ya ile njia kwa sababu hakukuwa na kivuli kwingine.

Bwana Hewa akawasha simu yake mbele ya wote. Kicheko changu kikatoka. Sikujua nacheka vile, Fundi, kama kuku aliyepata habari. "Pale hatufanyi chochote, baba!" Watu wakanigeukia, bondeni na kilimani, kwa mara ya kwanza wakageuka pamoja.

Mwenyekiti akasema, "Redio?"

Nikasimama. Nikasema, "Ni mimi. Hamna haja ya kutafutana, ni mimi."

Upande wa bondeni ukaanza kunguruma. Jirani yangu wa ukuta mmoja akapiga kelele, "Umetuuza kwa kicheko!" Nikamwambia utanila baadaye, ngoja nimalize.

Nikamwambia Bwana Hewa, "Baba, nilisema hatufanyi chochote, na sasa nitakwambia tunavyofanya hicho chochote. Kila kiangazi majani yakikauka kote, pale panabaki kijani, na ng'ombe wangu analia akipaangalia, nami namfunga kamba. Hiyo ni kazi. Paa la jiko langu linavuja, na matete mazuri ya kuezekea yako hatua chache, siyakati. Hiyo ni kazi. Mume wangu kila msimu anasimama pale ukingoni na jembe, anapiga hesabu ya mboga ambazo zingeota, halafu anarudi nyumbani na jembe safi. Sasa mtu kama huyo, asiyezungumza hata akinywa chai, unadhani kurudi na jembe safi si kazi? Na huyo Seremala, mwulizeni, ng'ombe wake nimewafukuza mle mara ngapi?"

Nilijua atakana.

Seremala akainuka polepole. Akasema, "Amewafukuza. Na mimi mwenyewe alinifukuza, na mwiko wa ugali." Watu wakacheka, akawatazama wakaacha. "Redio anasema kweli, pale panalindwa, si patupu. Lakini anafukuza ng'ombe wangu kwa sababu ana bomba. Mimi nilinde nini, kwa ajili ya nini? Mji unakunywa, bondeni wanakunywa, dunia inapumua. Sisi je?"

Bwana Hewa akaanza kupekua karatasi zake. Mtu wa wilaya akaanza kuangalia kiatu chake. Na mimi, Fundi, jibu nilikuwa nalo hapa mfukoni, barua yako, na sikulitoa. Nakwambia ukweli. Nilimtazama Mama pale kwenye kiti, miguu imevimba kama mito, nikasema moyoni, hapana, waseme wengine.

Mama akasema, kama anayeomba chumvi, "Mpe letu."

Nikasema, "Mama?"

"Bomba. Si ulisoma kwa sauti ile barua ya mdogo wako, ukidhani nimelala? Njia panda maji yanafika. Mpe."

"Na miguu yako?"

"Miguu ni yangu. Nitaletewa ndoo. Nimezaa bure?"

Basi ikabidi nieleze. Mabomba yote ya mlangoni ya bondeni yang'olewe, libaki moja njia panda la wote, na wa kilimani waingie kwenye mkataba wa bonde, walinde na sisi, wagawane na sisi. Miti, wanaoitaka waipande kilimani, mbali na chemchemi, palipo na udongo kidogo. Bondeni walipiga kelele mpaka miche ikatikisika. Wawili wakaondoka kabisa. Seremala akanyoosha mkono kunyamazisha watu, akanikazia macho yale yale ya vigingi.

"Maneno nimeyasikia maisha yangu yote," akasema. "Ninyi mna mabomba, na maneno pia mnayo. La kwanza ling'olewe lako, nione kwa macho. Likitoka, mimi na watu wangu tunachimba mtaro, na mche hauingii bondeni. Lisipotoka, mvua ya kwanza tunapanda."

Bwana Hewa kasema atapeleka sauti mpya huko kwa wale wa mbali, kachukua na ya Seremala na ya Mama. Hakuahidi. Lori bado liko pale, dereva wake analala ndani. Shirika lenu halijatamka neno. Kwa hiyo juu kote ni kimya, na juu ya hiyo juu, na huku chini tumebaki na spana.

Tulipatana bomba ling'olewe leo asubuhi. Nimefunga koki kuu kama ulivyosema, halafu nikaifungua tena, Mama kasema ana haja kidogo. Nakuandikia hapa kizingitini ili mkono uwe na kitu cha kufanya. Nilidhani hawatakuja. Nusu yangu ilikuwa inaomba wasije. Lakini naona wanashuka kilima, Seremala mbele, na majembe mengi nyuma yake, na mke wake naye yumo na ndoo kichwani, anakuja moja kwa moja, havuki barabara. Bondeni nao wamesimama milangoni, kila mtu kashika bomba lake kama mkono wa mtoto, wananitazama nitafanyaje.

Mama kasogeza kiti bombani, kafungua maji, ananawa. Mikono, uso, miguu. Taratibu, kama anayeagana na mtu wa kwenda mbali. Wamefika uani. Hakuna anayemharakisha. Seremala kavua kofia.

Kafunga bomba mwenyewe; koki kuu shemeji yako kashaifunga.

"Redio! Haya, lete hiyo spana!" Mama huyo.

Nakuja! Fundi, ulisema kinyume cha saa